Hita Namba Moja

Saa tatu na dakika kumi asubuhi, chai yake ikiwa haijaguswa, mhandisi aliugeuza mchoro wake mezani na roho ikamruka. Alikuwa anatafuta pa kuandika tarehe tu, wala hakuwa na habari ya kutafuta kosa. Lakini mchoro ulipolala kichwa chini miguu juu, aliona kitu alichokosa kukiona wiki nzima. Hita namba moja haikuwa upande wa tanki.

"La, la, la," akanong'ona. "Haiwezekani."

Tuelewane mapema, maana hofu yake yote imelala hapa. Mwanamke huyu alibuni pampu ndogo ya kusukuma sodiamu iliyoyeyuka, ile metali inayobeba joto ndani ya vinu vidogo vya nyuklia. Kinu chenyewe hakikuwapo pale. Walikuwa na tanki, bomba na sodiamu ya majaribio tu. Pampu yake haikuwa na kitu kinachozunguka. Koili za umeme, yaani nyaya zilizoviringwa, zililikumbatia bomba, nguvu ya sumaku ikaisukuma metali, kimya kimya. Ili sumaku ipenye vizuri, ukuta wa bomba ndani ya pampu ulifanywa mwembamba, mwembamba wa kutia huruma.

Sasa, sodiamu ikipoa huganda, na ikiyeyuka huvimba. Ukitaka kuiyeyusha unawasha kwanza hita ya upande wa tanki, ambako ina nafasi ya kujitanua, ndipo unakwenda namba mbili, tatu, nne kwa zamu. Ukianzia mwisho umekwisha. Ile iliyoyeyuka haina pa kwenda: nyuma vali imefungwa, mbele kuna wenzake walioganda. Itapasua ukuta. Na sodiamu ya moto ikikutana na hewa inawaka, ikikutana na maji ndiyo usiseme.

Wiki iliyopita aliigeuza pampu kwenye mchoro ili ienee kwenye nafasi finyu aliyopewa. Namba za hita zikageuka nayo, namba moja ikaangukia mwisho kabisa. Mafundi wakafunga nyaya vilevile alivyochora. Na leo, baada ya mapumziko ya siku mbili, bomba zima lilikuwa limeganda, na kazi ya kulipasha ilianza saa tatu kamili.

Na nani anayesimama ubavuni mwa pampu wakati wa kupasha? Mjomba wake. Mjomba aliyemlea tangu ana miaka sita, mchomeleaji wa mabomba, mzee wa magoti mabovu na maneno mengi. Kila wakipasha, huweka kiganja juu ya blanketi la kuzuia joto, akalifuata joto linavyotembea kutoka kwenye tanki. "Naisalimia," husema. "Mashine isiyosalimiwa huota kiburi."

Mtu mwenye akili timamu angekimbia papo hapo. Yeye hakukimbia, na nitasema kwa nini, ingawa mwenyewe angependa ninyamaze. Mwezi uliopita aliona moshi juu ya bomba, akapiga kelele "Zimeni!" mpaka kituo kizima kikamwagika nje. Kumbe ni rangi mpya iliyokuwa inashika joto. Basi tangu siku hiyo jina lake likawa Zimeni. Habari za asubuhi, Zimeni. Zimeni, umekula? Hata mkuu wa kituo, mtu asiyejua kutania, alimwita hivyo kikaoni.

Kwa hiyo akakaa. Simu ya kupigia ukumbi wa majaribio ilikuwa hapo mezani; aliinua mkono, akaurudisha. Akafungua faili, akalinganisha mchoro mpya na wa zamani. Akahesabu hita kwa kidole kutoka kushoto, halafu kutoka kulia. Akajiuliza: Nikienda halafu iwe rangi tena? Akahesabu mara ya tatu, na ya nne.

Saa tatu na dakika ishirini na nane hapakuwa tena na cha kuhesabu. Akatoka mbio, kiatu kimoja kikabaki uani.

Ukumbini, mjomba alikuwa pale pale, kiganja juu ya pampu. Kwenye ubao wa umeme alikaa Mama Swichi, mwendeshaji wa mtambo, miwani puani.

"Zimeni!" mhandisi akapiga kelele. "Zimeni!"

Mama Swichi akaangua kicheko. "Jamani, amekuja na kujitambulisha! Leo rangi gani?"

"Sitanii! Nimekosea mchoro. Mimi, nimekosea mimi! Namba moja iko mwisho! Mjomba, ondoka hapo!"

Hapo kicheko kilikatika. Kituoni pale hakuna aliyewahi kumsikia mhandisi yeyote akisema amekosea. Mama Swichi akashusha swichi zote kwa mkono mmoja.

Pampu ikalia: tik. Kisha tena, tik, kama bati linapopigwa na jua.

Mjomba alijaribu kuharakisha, magoti yakagoma. Mhandisi akamkimbilia, akamshika kwapani akamburuta, akingojea moto mgongoni. Wote watatu wakajibanza mlangoni, karibu na ndoo za mchanga mkavu, macho kwenye kipimajoto. Mshale ulisita, ukasita, halafu ukaanza kushuka.

Baada ya saa moja walifungua blanketi. Ukuta haukupasuka. Ila ulikuwa umetoa nundu, kubwa kama nusu ya limau.

"Joto nililisikia huku mwisho," mjomba akasema taratibu. "Tangu mapema. Nikajiambia, mkono umezeeka huu. Mchoro ni wa mtoto wetu."

Mhandisi angeweza kunyamaza hapo. Hakuna ambaye angejua, na mjomba angemsifu mpaka kwa majirani.

"Mjomba, nilijua tangu saa tatu na dakika kumi."

Mzee akaitazama saa ya ukutani. "Umeingia hapa saa tatu na nusu."

"Ndiyo."

"Na ofisi yako si hiyo hapo ng'ambo ya ua?"

"Ndiyo, Mjomba."

"Ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa nahakikisha. Niliogopa mtanicheka."

Mama Swichi akavua miwani, akaifuta kwa khanga, akaifuta tena. "Tumekucheka sana, kweli," akasema.

Mjomba hakumtazama mpwa wake. Aliweka kiganja juu ya nundu, kama anavyofanya siku zote.

"Tukipasha tena, wewe utasimama hapa ninaposimama mimi. Mimi nitakwenda kukaa kwenye kiti chako, ninywe chai."

Ulikuwa mzaha, maana mjomba hajui kusema bila mzaha, lakini hakuna aliyecheka.

"Nikiiona simu ya mezani kwako, nikaiacha," akauliza, "utanisamehe?"

Mhandisi alisogea karibu na pampu. Aliweka kiganja chake kando ya kile cha mjomba. Nundu ilikuwa bado ya moto.