Nukta ya Katikati

Baba yangu amebakiwa na maneno mawili. Ukimwuliza kama ana njaa, atakujibu, "Njo vile," yaani ndivyo hivyo. Ukimwuliza kama ameshiba, atasema hivyo hivyo, kwa sauti ile ile ya upole ya mtu anayekubaliana nawe kabisa. Kiharusi kilimpata mwezi wa pili akikagua magurudumu ya lori lake kwa safari ya Dilolo. Kikachukua mkono wa kulia, mguu wa kulia, na maneno yote ya mzee Ibrahim, ambaye wasafirishaji wenzake walikuwa wakimwita Redio. Asipoulizwa, hasemi kitu. Anakaa tu.

Mimi ni fundi wa simu. Nina kibanda changu Dilala, hapa Kolwezi, na bila kujisifu, nimefufua hata simu zilizotoka chooni. Kosa nililolifanya nililifanya kwa mkono unaojua kazi, na hilo ndilo linaloniuma.

Baba ana helikopta ndogo ya kurusha kwa rimoti, urefu wake toka pua hadi mkia kama mkono wa mtu mzima. Aliinunua Dilolo kwa mtu aliyetoka ng'ambo ya mpaka, ikiwa imevunjika mkia, na kwa miaka tisa aliirusha kila Jumapili kwenye uwanja wa zamani nyuma ya nyumba zetu za Kapata. Baada ya ugonjwa ilikaa juu ya kabati, na macho ya baba yakakaa hapo pamoja nayo. Nikasema nitamrushia mimi.

Rimoti ilikuwa imeganda. Simu ikiganda, dawa yetu ya kwanza pale kibandani ni kuirudisha ilivyotoka kiwandani. Nikafanya hivyo. Rimoti ikaniuliza kama nina hakika, nami nikabonyeza ndiyo bila kusoma, kama ninavyobonyeza mara ishirini kwa siku.

Lazima nieleze nilichofuta. Kijiti cha kushoto cha rimoti huendesha mambo mawili kwa pamoja: kasi ya mota na mwinamo wa mapanga yanayozunguka juu ya helikopta. Mapanga yakilala, hayakamati hewa. Yakiinama kupita kiasi, yanakamata hewa nyingi kuliko mota inavyoweza kuvuta, nayo huchoka. Kwa hiyo mrushaji huchora mistari miwili kwenye kioo cha rimoti, mmoja wa kasi na mmoja wa mwinamo. Kila mstari una nukta tano, toka kijiti kikiwa chini kabisa hadi kikiwa juu kabisa, na kila nukta ina namba yake. Namba kumi. Baba alizitafuta kwa miaka tisa. Alirusha, akashusha, akaongeza kidogo, akarusha tena, huku mama akilalamika kwamba chakula kinapoa. Hakuziandika popote. Alikuwa nazo kichwani, na kichwa cha baba nani angekitilia shaka? Sasa mistari yote miwili ilikuwa imenyooka kama rula.

Nilipiga magoti mbele ya kiti chake.

"Tata, mi njo nilifuta manamba yako yote. Naomba pardon."

"Njo vile," akasema.

"Ile ya katikati ilikuwa ine?"

"Njo vile."

"Ao ilikuwa munane?"

"Njo vile."

Mama alikuwa kwenye mbabula akipuliza makaa. "Muache, Leila," akasema. "Tata yako haiko tena mule ndani."

Alilisema bila uchungu, kama anayetaja jirani aliyehama. Nilimchukia mama yangu siku nzima. Lakini tangu hapo nilijua ninatafuta nini. Kama namba zile bado zimo, basi na mwenyewe yumo. Na kama hazimo, nitajuaje?

Nilimpigia Lucien, rafiki yake wa zamani anayeishi Kinshasa, ambaye naye hurusha. Akanitumia namba zake zote kumi. Jumapili ile nilimsukuma baba kwa kiti chake cha magurudumu hadi uwanjani, asubuhi ya baridi ya mwezi wa sita, vumbi jekundu likiwa bado limelala. Nikasukuma kijiti hadi katikati, mahali Lucien alipoahidi kwamba itaruka. Haikuruka. Ikatetemeka tu na kuteleza mchangani. Nikashikwa na hofu, nikasukuma kijiti hadi juu. Ikapanda upande, mota ikalia, ikaanguka ubavu. Kipande cha panga kilipita karibu na goti langu.

Nilimtazama baba. Alikuwa anatazama mabaki kwa utulivu ule ule.

"Pole sana, dada," Lucien akaniambia kwenye simu. "Huku tuko chini, hewa iko nzito. Kule kwetu Kolwezi ni juu, hewa iko mwepesi, mapanga inapaswa kuinama zaidi. Mi nilisahau, miaka mingi mi haiko kule." Kisha akauliza, "Lakini tata yako, yeye anasema je?"

Nilikata simu.

Ndani ya sanduku la vipuri la baba ilibaki jozi moja tu ya mapanga. Niliifunga, nikafunga na fito mbili za mianzi chini ya miguu ya helikopta ili isipinduke, kama baba alivyofanya alipokuwa anajifunza. Namba nilizibahatisha. Jumapili iliyofuata mama alikuja nasi akiwa na chupa ya chai, nadhani kwa ajili ya kunifariji ikivunjika.

Nilikuwa nimeshaunganisha betri. Upepo ulikuwa na baridi, nikamwekea baba rimoti mapajani ili nimfunge kitenge mabegani. Nikasikia mapanga yanazunguka.

Kidole gumba chake cha kushoto kilikuwa juu ya kijiti cha kushoto. Ni mkono uleule ambao ugonjwa ulimwachia, nami kwa miezi minne niliutumia kumshikisha kijiko tu. Kijiti kilipanda polepole hadi katikati, kikasimama. Helikopta ikatetemeka juu ya mianzi yake bila kuinuka. Nilimsubiri asukume zaidi, kama nilivyofanya mimi. Hakusukuma. Alisubiri, uso umekunjamana kidogo, kama alivyokuwa akimsubiri utingo aliyechelewa. Kisha akashusha.

Hapo nikaelewa kwamba kwake inapaswa kuinuka kijiti kikiwa katikati; nikaichukua rimoti. Niliongeza mwinamo wa nukta ya katikati, toka tano hadi sita, nikamrudishia. Kidole kikapanda, kikasimama palepale. Haikuinuka. Akashusha. Nikaongeza nusu. Nikapiga magoti kando yake na kushika kijiti cha kulia, cha kuielekeza, kile ambacho mkono wake haukiwezi tena.

Iliinuka. Si juu sana, shubiri moja, labda na vidole viwili. Ilisimama hewani mbele yetu ikipeperusha vumbi, kijiti kikiwa katikati kabisa. Nililia, nami silii ovyo. Kisha rimoti ikaanza kulia kwamba betri inakwisha, na baba akaishusha taratibu, mianzi ikagusa mchanga bila kishindo.

Nikabonyeza kuhifadhi. Rimoti ikauliza kama nina hakika. Safari hii nilisoma swali lote kabla ya kujibu.

Nukta moja. Tisa zilizobaki ni za kwangu, za kubahatisha tu. Nyumbani umeme umekatika tangu Ijumaa, betri ni moja nayo imezeeka, na wiki jana daktari aliniambia kwamba kiharusi cha pili hakipigi hodi. Sijui kama tutafika hata nukta ya pili. Nilitamani kumwuliza baba kama ni yenyewe, lakini jibu nilikuwa nalo tayari, na lilikuwa halina kazi.

Basi tukakaa. Mapanga yalikuwa yamesimama, lakini kidole chake hakikutoka kwenye kijiti. Mama alikuwa anamimina chai.

"Njo vile," akasema baba.

Mama akageuka, chupa mkononi. "Ulimuuliza nini?"

"Sikumuuliza kintu, mama."

Mama alitazama kile kidole kwa muda mrefu. Kisha akaketi mchangani karibu na magurudumu ya kiti, chai ikipoa, na hakulalamika.