Kuzima Mngurumo wa Pikipiki

Mume wangu Djafari alikuwa akinipigia simu kila Alhamisi, na sikuwa nikisikia anachosema.

Kijijini kwetu, karibu na Lusangi, rezo, mtandao wa simu, haishiki. Inashika mahali pamoja tu kwenye njia ya kwenda Kabambare, juu ya kilima, kwa dakika nne au tano. Halafu njia inashuka na simu inakufa. Kila asubuhi nilipita pale juu ya pikipiki ya Kaka Pitchou: yeye mbele, mimi katikati, Yaya Rosine, yaani dada Rosine, nyuma na beseni lake la ndizi. Mimi nilikwenda kupika katika mgahawa mmoja wa Kabambare, Rosine alikwenda sokoni.

Kabambare yenyewe rezo ipo, lakini tulifika kule saa mbili, na saa ile Djafari alikuwa ameshashuka shimoni. Alikuwa katika machimbo ya dhahabu, mbali kusini. Wachimbaji walipata rezo asubuhi tu, wakipanda mahali pa wazi kabla ya kazi. Jioni watu wenye bunduki waliolinda machimbo hawakuruhusu mtu kutoka kambini. Kuandikiana hatukuweza. Mimi niliacha shule darasa la nne, herufi nazifuata moja moja kwa kidole, na simu yake ilikuwa ile ndogo ya vitufe. Kwa hiyo tulikutana pale kilimani, mimi nikiwa juu ya pikipiki iliyotoboka bomba la moshi, inalia kama mashine ya kupasua mbao.

Nilimwomba Pitchou mara moja, kwa sauti ndogo, asimame.

"Dada Subira," akasema, "ukitaka kusimama pale, nitakuacha wewe na beseni la Rosine mupambane na wale watu."

"Beseni langu uliache!" Rosine akasema. "Ndizi zangu hazina kosa na mutu."

Pitchou hakuwa akitania kabisa. Mwaka uliopita motari mmoja, dereva wa pikipiki kama yeye, alishushwa kilimani na watu waliotoka porini. Pikipiki iliondoka nao, na yeye hakuonekana tena. Tangu siku ile hakuna motari anayesimama pale.

Basi nilibana simu sikioni, nikaziba sikio la pili kwa kidole, nikashika neno moja katika kumi. *Mama. Mvua. Mzima.* Nilirudi nyumbani jioni na mama mkwe wangu, Mama Mounira, alikuwa ananingoja mlangoni.

"Anarudi lini?"

"Sikusikia vizuri, mama."

"Kila juma husikii. Una masikio ya nini?"

Hakusema kwa ubaya. Djafari ni mtoto wake wa pekee aliyebaki, na tangu aondoke tansheni ya mama, presha ya damu, ilipanda hadi akalazwa siku sita. Alitaka jambo moja tu, na mimi nilitaka lile lile: kujua anarudi lini.

Mwezi wa tano tangu aondoke, mwenye mgahawa alinituma Kasongo kununua sufuria na sahani. Ni safari ya siku nzima. Nilichukua pesa niliyokuwa nimeificha kwa ajili ya bati la nyumba, nikaifunga kiunoni. Rosine alikuwa ameniambia kwamba Kasongo wanauza vifaa vya masikioni vinavyozima kelele. Alisikia kwa mutu aliyesikia kwa mutu.

Nilipita mara tatu mbele ya duka kabla ya kuingia. Lilikuwa duka dogo nyuma ya soko, la kijana anayeitwa Iliasi, na mlango wa pili alikuwepo kinyozi mwenye grupu, jenereta ya umeme, iliyonguruma barazani. Ndani, mzee mmoja mwenye kofia alikuwa anangoja simu yake ichajiwe.

"Karibu, dada. Unatafuta vya muziki ao vya simu?"

Nilitazama chini. Kusema na mtu nisiyemjua ni kazi nzito kwangu, nzito kuliko kubeba maji.

"Vya pikipiki," nikasema.

Mzee akacheka. "Pikipiki yako inasikiliza muziki?"

"Muache mutoto wa watu, mzee," Iliasi akasema. "Dada, eleza tu."

Nikaeleza. Kilima, dakika nne, bomba lililotoboka. Iliasi hakucheka. Aliweka mezani vya aina tatu.

Vya kwanza vilikuwa vidogo, vya waya, vya kutia ndani ya sikio. Nilivivaa, na grupu ya kinyozi ikaingia pamoja navyo. Vya pili vilikuwa vikubwa, vinafunika sikio zima kama mikono miwili. Grupu ilirudi nyuma, lakini Iliasi naye alirudi nyuma. Nikaona mdomo wake unacheza na maneno yanafika kama yanatoka chini ya blanketi.

"Hivi vinaziba kila kitu," akasema nilipovivua. "Ni vizuri kwa mutu anayetaka kulala. Wewe hutaki kulala."

Vya tatu vilikuwa vikubwa pia, vyeusi, na kitufe pembeni. Alinivika mwenyewe, akaviunganisha na simu yangu, akabonyeza, na grupu ikafa. Niligeuka kuitazama. Moshi ulikuwa bado unatoka.

Iliasi alichukua simu yake, akatoka, akasimama kando ya grupu kabisa, akanipigia. "Dada, unanisikia?" Nilimsikia. Nilisikia hata alivyomeza mate.

"Hii haili sauti ya mutu," akasema aliporudi. "Inakula sauti ya mashine, ile inayolia namna moja tu bila kupumzika."

"Na mke anayelia namna moja bila kupumzika?" mzee akauliza.

"Kwa huyo dawa haijafika Kasongo, mzee."

Vya pili vilikuwa nusu ya bei. Nilivishika tena, nikaviweka. Nikavishika tena. Bati la nyumba lilinijia machoni, na mvua inayodondoka kwenye kitanda cha Mama Mounira. Mzee akasema, "Binti, chukua vya bei ndogo, mume ni yule yule." Nikafungua kiunoni nikachukua vya tatu.

Alhamisi iliyofuata niliamka mapema kuliko kuku. Mama Mounira alikuwa ameshaamka.

"Mwambie nimepona," akasema. "Mwambie hata magimbi nalima. Halafu uulize siku. Usiulize mwezi, uulize siku."

Tulipoanza kupanda kilima nilivaa vile vifaa na kubonyeza kitufe. Pikipiki ikanyamaza. Nilijua bado inakwenda kwa sababu magoti yalikuwa yanatetemeka. Rosine alinifinya mgongoni akacheka, nikasikia kicheko chake peke yake, kisafi, kama tuko jikoni. Simu ikaita, jina la Djafari likatokea, nikabonyeza.

"Subira," sauti ikasema.

Ilikuwa sauti ya mwanaume. Haikuwa ya mume wangu.

Nilifikiri ni kifaa kinachobadilisha. Lakini sauti ya Iliasi hakikuibadilisha, wala kicheko cha Rosine.

"Muko wazima kule? Mama anakula?"

Aliuliza polepole, kama mtu anayeijua nyumba. Nyuma yake nilisikia nyundo juu ya mawe, na mtu akaita kwa nguvu, "Bulaimu! Kuja na kamba!" Sauti ikageuka pembeni ikajibu, "Nakuja."

Jina hilo nililijua. Djafari aliondoka pamoja na Bulaimu, mtu wa upande wa Kabambare ambaye sikuwahi kumwona.

"Wewe ni Bulaimu," nikasema.

Nyundo ziliendelea.

"Djafari iko wapi?"

"Shemeji," akasema, "leo unanisikia vizuri."

"Nakusikia."

Basi akasema. Alisema haraka, kama mtu anayetua mzigo uliomkata bega. Shimo lilianguka Jumamosi, juma la tatu tangu wafike. Watu wanne walikuwa ndani. Wenzao walichimba siku mbili wakamtoa mmoja, halafu mwenye shimo akasema inatosha, wafungue lingine kando yake. Djafari yuko ndani bado. Walimswalia pale juu, kwenye udongo. Simu yake alikuwa amemwachia Bulaimu kabla ya kushuka, isilowe.

"Alhamisi ile nilikupigia nikuambie. Wallahi nilipiga kwa neno hilo. Lakini ulishika simu ukasema, 'Djafari! Mama ametoka hospitali, amekula ugali!' Ulikuwa unacheka. Pikipiki inalia na wewe unacheka. Kinywa changu kikakataa. Nikasema nitamwambia Alhamisi ijayo."

"Alhamisi ngapi?"

"Sijui, shemeji. Unisamehe. Mimi pia nilizoea."

Mbele niliona mwisho wa kilima, pale njia inapovunjika kushuka.

"Hakuteseka juma lile," akasema, na sasa alikuwa analia. "Alikuwa na furaha. Alhamisi alirudi kutoka kukupigia anacheka, akatuambia, 'Subira amekubali!' Siku nzima alikuwa anasema hivyo. Amekubali."

"Nimekubali nini?"

Pikipiki ikainamisha kichwa. Kwenye masikio hapakuwa na nyundo tena, wala pumzi. Nilisema, "Bulaimu, nimekubali nini?" na hakuna aliyekuwepo.

Nilivua vifaa na mngurumo wote ukanirudia. Rosine akanipigia kelele begani, "Shemeji anasemaje? Amepata jiwe la dhahabu?"

"Amekufa," nikasema.

"Eh? Sema kwa nguvu!"

Katika maisha yangu sikuwahi kupiga kelele, hata siku za kucheza. Nilipiga kelele siku ile. Pitchou alisimamisha pikipiki katikati ya njia, akashuka, akavua kofia yake ya motari, na hakujua aiweke wapi. Beseni la Rosine lilianguka na ndizi zikaingia mferejini. Hakuna aliyeziokota.

Mama Mounira aliponiona narudi asubuhi kwa miguu, na Rosine amenishika mkono, alikaa chini palepale uwanjani. Alilia bila sauti, mdomo wazi. Majirani walikuja. Baadaye, watu walipopungua, aliniuliza alikufa siku gani, nikamwambia. Akaanza kuhesabu kwa vidole, akakosea, akaanza tena.

"Eda inahesabiwa tangu siku ya kufa," akasema. "Si tangu siku ya kusikia."

Alimtuma jirani kwa mwalimu wa msikiti, na mwalimu akajibu kwamba ndivyo. Miezi minne na siku kumi. Zilikuwa zimebaki siku kumi na moja.

Nyingine zote nilizipita bila kujua. Nilikuwa mjane aliyejipaka mafuta, aliyevaa kitenge cha maua, aliyecheka na Rosine juu ya pikipiki. Kila Alhamisi nilimtolea mtu mwingine maneno ya ndani, ambayo mwanamke hamwambii hata dada yake, na mtu yule alijibu "ndiyo" na "vizuri". Sikuweza kumchukia. Nilijaribu.

Siku kumi na moja nilikaa ndani. Mama Mounira alikaa mlangoni, anachambua mchele uliokwisha chambuliwa.

"Mara ya mwisho yeye mwenyewe kupiga," aliniuliza siku ya pili, "alisema nini?"

Nilimweleza. Alhamisi ya tatu ilikuwa na upepo. Nilisikia jina langu, nikasikia neno kama *wewe*, halafu maneno mengi ambayo bomba liliyala. Mwisho nilisikia kwamba ameuliza swali, kwa sababu alinyamaza akangoja. Sikutaka dakika ziishe kwa kusema sisikii. Nikasema ndiyo. Akauliza tena, nikasema ndiyo, ndiyo, nimekubali.

"Umekubali nini?"

"Sijui, mama."

Hakunigombeza. Siku ya tatu aliuliza tena, na ya tano, kama mtu anayepapasa chini ya kitanda kitu anachojua hakipo.

Eda ilipoisha nilipanda kile kilima kwa miguu, peke yangu. Nilisimama pale ambapo hakuna anayesimama. Hakuna aliyetoka porini. Nilipiga namba ya Djafari mara tisa, na mara zote mwanamke wa kwenye mashine alisema namba haipatikani. Mtu mmoja aliyetoka kusini alimwambia Pitchou baadaye kwamba wale wachimbaji wamehamishwa, hajui walipelekwa wapi.

Nilirudi jua likiwa kali. Mama Mounira alinisogezea kigoda.

"Labda alitaka muhamie Kasongo," akasema.

"Labda."

"Labda alitaka kuuza shamba la baba yake."

"Labda, mama."

Alichambua mchele kidogo, akatoa punje moja iliyokuwa nzima, akaitupa.

"Labda alipata mwanamke mwingine kule. Wanaume wa machimbo wanaoa. Labda alikuomba ruhusa." Akanitazama. "Ungekubali?"

"Nilikubali, mama," nikasema.