Daraja Linapitika

Saa kumi na mbili na dakika tano asubuhi simu ya mezani ililia katika studio ambayo haikuwa na kazi tena. Mpigaji alikuwa mlinzi wa daraja.

"Mama Daraja, maji yamepita juu. Huku kwangu nimefunga mnyororo, upande wenu sina mtu. Watangazie."

Jina hilo alipewa na madereva. Kwa miaka kumi na tisa hakuwahi kumaliza salamu za asubuhi redioni bila kusema kama daraja linapitika au halipitiki. Sasa redio ilikuwa mali ya kampuni iliyokwisha kumeza redio nyingine kumi na moja. Vipindi vyote vilitoka makao makuu. Yeye na fundi mitambo waliachwa kulinda mashine. Kipaza sauti chake kilifungwa kwa nywila asiyoijua.

Kwanza alimpigia mdogo wake, dereva wa gari la mikate, ambaye hufika darajani saa kumi na mbili na nusu. Simu iliita mpaka ikakatika. Huyo akishika usukani hashiki simu. Husikiliza redio tu. "Dada akisema linapitika, mimi nakanyaga mafuta," ndivyo alivyozoea kujigamba.

Akapiga makao makuu.

"Daraja gani, dada?" mtu wa zamu aliuliza.

"La huku kwetu. Nifungulie kipaza sauti, dakika moja tu."

"Tuma barua pepe. Msimamizi anaingia saa mbili."

"Saa mbili watu watakuwa wameshaliwa na samaki!"

"Usinipandishie sauti. Mimi nafuata utaratibu."

Fundi aliguna. "Huyo, mto ameuona kwenye picha ya kalenda tu."

Saa kumi na mbili na dakika ishirini spika ya ukutani ilitoa sauti ya Mama Daraja mwenyewe: "Habari za asubuhi, wasikilizaji. Madereva, daraja linapitika. Safari njema."

Alisimama. Mwezi uliopita, mto ukiwa mkavu, kampuni ilimwagiza arekodi salamu thelathini. Ilitaka salamu tu. Ulimi uliozoea uliongeza daraja katika kila moja, naye hakugundua. Makao makuu hakuna aliyejua cha kufuta.

"Zima mnara," alisema.

"Watatufukuza."

"Zima, kaka!"

Fundi akashusha swichi kuu. Redio ikanyamaza. Hazikupita dakika mbili, simu ya mezani ikalia. Safari hii alikuwa msimamizi mwenyewe, usingizi umemtoka kabisa.

"Matangazo ya sabuni hayasikiki huko! Kuna nini?"

Alimweleza. Msimamizi alifoka, kisha akaanza kuitafuta nywila. Alikuwa bado anaitafuta, simu ya mkononi ya fundi ikaita. Mlinzi wa daraja.

"Gari la mikate," alisema. "Nimepunga taa, nimepiga filimbi. Hakupunguza hata mwendo."

Mlinzi akakata. Fundi hakuhitaji kurudia, Mama Daraja alikuwa amesikia.

Saa kumi na mbili na dakika arobaini na mbili nywila ilipatikana. Fundi akapandisha swichi. Taa nyekundu ikawaka.

"Daraja halipitiki," alitangaza Mama Daraja. "Gari moja limesombwa na maji. Dereva hajapatikana."

Alirudia mara moja, kama alivyofanya siku zote, akafunga kipaza sauti.