Matone ya Punje

Mtoto wa kaka yangu alizaliwa na utumbo uliojisokota. Daktari mpasuaji alikata sehemu kubwa iliyokwisha kufa, akaunga kipande kilichobaki. Kwa udogo wake tukamwita Punje. Chakula chake kilipitia mshipani, isipokuwa maziwa mililita mbili kila baada ya saa tatu, ambayo mama yake alimdondoshea mdomoni kwa bomba la sindano.

Mimi ndiye mtaalamu wa lishe wa wadi ile. Nilimweleza wifi kwamba matone yale si ya kumshibisha. Maziwa yakigusa utumbo, utumbo hutoa homoni, na homoni hizo ndizo zinazouchochea unenepe na kurefuka. Usipoguswa, hunywea. Akanitania kwamba mtu ambaye hajazaa hata kifaranga anamfundisha kulea, lakini akakubali.

Kanuni ya wadi ilitaka nisimame pale nione kila tone likimezwa, ndipo nitie sahihi kwenye chati. Niliona haya kumsimamia mke wa kaka yangu kama mtoto wa shule. Nilikuwa nageukia dirishani, kisha natia sahihi.

Siku ya kumi na mbili daktari alipunguza dripu ya chakula na kuongeza maziwa, na Punje akapungua uzito siku tatu mfululizo. Daktari akasema huenda pale alipounga pameziba. Kesho asubuhi atalifungua tena lile tumbo. Tumbo lenyewe halikuzidi kiganja changu.

Mchana huo, nikimbadilishia Punje shuka, nilisikia harufu ya maziwa yaliyochacha. Chini ya godoro palikuwa na mabonge ya pamba, mengine bado mabichi. Wifi aliyaona mikononi mwangu, akakaa chini sakafuni.

Alisema kwa yale matone ya kwanza kabisa Punje alikunja uso na kuvuta miguu, naye akaona ni kama anamwagia kidonda pilipili. Dripu si ipo? Basi akawa anayamimina kwenye pamba.

"Usimwambie daktari, wifi," alisema. "Kaka yako atasema nimemnyima mwanawe maziwa."

"Sahihi zote ni zangu," nikamwambia. "Nikinyamaza, kesho anapasuliwa bure."

Nilimkuta daktari akijaza fomu ya upasuaji. Nilianza kumweleza, nikaanza upya mara mbili. Alinisikiliza hadi mwisho, akapitisha kidole kwenye safu ya sahihi zangu.

"Kwa hiyo utumbo huu haujafanyishwa kazi hata siku moja?"

"Hata siku moja."

Aliiweka fomu kando. Akatupatia siku tano za kujaribu maziwa, na kwangu barua ya onyo.

Saa tisa alasiri tulianza. Safari hii nilisimama bega kwa bega na wifi. Tone la kwanza lilipoingia, Punje alikunja uso, akavuta miguu hadi kifuani. Wifi akanishika mkono kwa nguvu.

"Anaumia."

"Namwona," nikasema. "Ongeza jingine."