Koti la Mzee Kisingizio

Jumatano, tarehe kumi na nne Agosti 2024, saa nne na robo asubuhi, Ansbert alikuwa kajibanza kichochoroni Mtaa wa Kongo, Kariakoo, ndani ya koti la kijani linalomfika magotini, akisubiri kupigiwa simu kwamba kamera iko tayari. Simu ikaita. Lakini hakuwa Fikirini, mwongozaji wake. Alikuwa Mwanne, muuza madera aliyepakana na meza ya mkewe.

"Shemeji, njoo mbio! Jovitha kaanguka!"

Kwa miaka sita nchi ilimjua Ansbert kama Mzee Kisingizio wa Uani Kwetu, kichekesho cha kila Ijumaa: mzee mvivu ambaye kila akibanwa anasingizia msiba. Leo kafiwa na shangazi, kesho na mama mkwe. Fikirini hakuwa mtu wa kukodi watu wa kupita nyuma ya waigizaji. Ya nini, wakati Kariakoo imejaa watu wa bure? Anaficha kamera dirishani ghorofa ya pili, anamwachia Ansbert akimbie katikati ya wateja akipiga yowe: "Jamani, mke wangu anakufa!"

Mara ya kwanza watu walimwonea huruma ya kweli, mama mmoja akalia. Mara ya tatu wakashtuka, kumbe televisheni. Tangu hapo wauza mitumba, wachuuzi wa soksi, wapiga debe, wote wakawa wanamwitikia kwa pamoja: "Na jana alikufa nani?"

Fikirini alifurahi kama kaokota dhahabu. Jovitha hakufurahi. "Unaniua kila Ijumaa," alikuwa akisema akimpakulia ndizi, "halafu Jumamosi wateja wananiuliza nimefufuka saa ngapi."

Asubuhi hiyo Ansbert alimkuta kalala nyuma ya meza, khanga za kuuza zimekunjwa chini ya kichwa, mdomo umepinda upande mmoja. Ansbert akatoka barabarani kutafuta usafiri. Maneno yaliyomtoka ni yale yale, maana mtu anayefiwa na mke atasema nini kingine?

"Jamani, mke wangu anakufa!"

"Na jana alikufa nani?" mtaa ukaitikia, kona hadi kona.

"Haki ya Mungu siigizi! Nisaidieni!"

"Leo kaongeza mbwembwe," akasema muuza soksi.

Dereva wa bajaji akamzungushia mkono begani, simu juu. "Mzee, cheka basi kidogo, wanangu hawataamini." Ansbert akamkaba ukosi, akamvuta. Watu wakapiga makofi. Mwanne alipotoka analia, naye wakamsifia: "Huyu dada mpya anajua!"

Aliyewaokoa ni mwendesha guta mmoja, Mrisho, mtu asiye na televisheni kwake. Alimtazama Ansbert machoni, akashusha magunia yake ya vitunguu barabarani bila kuuliza, akasema, "Mlete."

Hospitali daktari alisema mengi ya kidaktari. Ansbert aliambulia moja tu: mmechelewa.

Jovitha wakamzika kwao Bukoba. Kituo cha televisheni kilituma shada la maua lenye utepe. Wiki ya sita, Ijumaa, kipindi kikaruka hewani, na ndani yake Mtaa wa Kongo, koti la kijani, dereva wa bajaji, makofi. Tena wakaongezea vicheko vya kurekodi, kana kwamba vile vya mtaani havikutosha.

Jumatatu akaenda Posta, kwenye ofisi za kituo. Mlinzi alipomwona akainuka kwa furaha. "Mzee Kisingizio! Na jana alikufa nani?"

"Jovitha," Ansbert akasema.

Mlinzi akacheka mpaka akaegemea ukuta.

"Pole sana, mzee wangu," Fikirini akamvutia kiti. "Shikamoo."

Ansbert hakuitikia. "Nataka mkitoe kile kipindi. Kwenye televisheni, kwenye simu, kote."

"Hilo liko juu ya uwezo wangu. Mkataba unasema chochote kinachopigwa ukiwa ndani ya koti ni mali ya kituo. Na wakubwa wamekipenda, nisikufiche. Wanasema hujawahi kucheza vizuri namna ile."

Ansbert aliishia darasa la nne. Ule mkataba alitia saini pale alipoonyeshwa kwa kidole. Ndivyo wakubwa walivyo: wanakufunga kwa karatasi usiyoweza kuisoma, halafu wanakuwa wa kwanza kukupa pole. Lakini koti lenyewe, hilo hakumsingizia mtu. Vifungo vinne tu. Angelivua siku ile, pengine mtaa ungemwona Ansbert. Kwa hilo alikwisha kujihukumu, kila asubuhi akivaa shati.

"Fikirini, mwanangu," akasema taratibu. "Nyie mlikuwa pale dirishani. Kamera yako inanivuta mpaka jasho la puani linaonekana. Kwenye karatasi yako ya mchezo hakukuwa na Mwanne. Hakukuwa na guta. Na picha niliyoiona Ijumaa inaendelea mpaka guta linakata kona ya Msimbazi, miguu ya mke wangu inaning'inia. Hamkuzima."

Fikirini alikuwa kainamia simu yake iliyokuwa imezimika, anaifuta kioo kwa kidole gumba.

"Sitaki shada. Nakuuliza kitu kimoja, halafu naondoka. Ulijua saa ngapi kwamba siigizi?"