Kipimo Kilichopanda

Yareli alipoanza kulalamikia kichwa, mama yake, Eufrosina, alijua mara moja kwamba ni upepo wa baridi umemwingia. Binti alikuwa hajatoka arobaini ya uzazi, na jana yake alifungua friji bila kumuuliza mtu. Akamfunga shali kichwani, akamziba masikio kwa pamba, akamkataza kuoga. Ndivyo wazazi wote walivyotunzwa pale mjini Tlacolula, na Eufrosina hakuwa mtu wa kufundishwa uzazi.

Kichwa hakikupoa. Yareli akaanza kutapika, akasema anaona vitu viwili viwili. Mumewe, Nabor, akampakia kwenye bajaji hadi zahanati, mkwewe akinung'unikia upepo njia nzima.

Daktari alimpima damu. Kipimo kinachoonyesha kama kuna damu iliyoganda mwilini kilikuwa juu.

"Shida ni kwamba kwa mzazi yeyote aliyetoka kujifungua huwa juu, mama," alisema. "Hakiniambii kama damu imeganda kichwani. Mpelekeni hospitali kuu ya Oaxaca leo hii, akapigwe picha."

Eufrosina alishika maneno ya mwanzo tu. Kama kila mzazi yuko hivyo, basi binti yake ni mzima, na upepo wa barabara kuu ndio ungemmaliza. Nabor alijaribu kubisha, akaulizwa yeye alizaa lini. Akaita bajaji ya kuwarudisha nyumbani. Wanaume wa nyumba ile walikuwa hodari wa kutii. Yareli mwenyewe alisema anataka kulala tu.

Asubuhi, akinyweshwa uji wa mahindi, degedege likamshika.

Huko Oaxaca picha ilionyesha bonge la damu limeziba mshipa mkubwa unaotoa damu kwenye ubongo. Eufrosina akamshika daktari wa pale mkono wa koti.

"Ningemleta jana, angepona?"

"Labda. Tungeanza dawa mapema. Lakini sijui, mama, siwezi kukudanganya."

Afadhali angemtukana. Tusi angelijibu, hiyo "labda" hakuwa na la kuifanya. Alikaa kando ya kitanda kwa hofu ambayo hakuwahi kuijua, hana cha kufunga wala cha kukataza.

Nje kwenye korido mtoto mchanga wa Yareli alianza kulia kwa njaa, maana hakuruhusiwa kuingia, na Nabor alishindwa kumbembeleza. Yareli hakufumbua macho. Lakini maziwa yakaanza kumtoka yenyewe, yakalowesha gauni la hospitali, na Eufrosina akabaki kuyatazama yakimwagika.