Uma Mrefu wa Kromu

Msumeno ulilikata lile bomba upesi mno, nami nikajua kuna jambo kabla sijaliona. Chuma kizima hubishana na mtu. Hiki kilikubali kama kipande cha sabuni.

Nilikuwa kwenye karakana ya shemeji yangu, mume wa dada yangu, anayetengeneza baiskeli za madaha. Ndizo zile ndefu, kiti kipana kama cha mkurugenzi, usukani umepinda kama pembe za ng'ombe, gurudumu la mbele limetangulia kana kwamba lina safari zake. Mimi si mtu wa kukaa mahali. Nimefanya kazi kwenye karakana nyingi kuliko meno niliyobakiwa nayo, na kwa shemeji nilikuja kwa wiki mbili, zikawa miezi saba. Dada alishasema nikifa atanizika chini ya benchi la kazi, nisije nikahama tena.

Uzuri wa baiskeli ya madaha uko kwenye uma, ile miguu miwili inayoshika gurudumu la mbele. Uma unaokuja na baiskeli toka kiwandani ni mfupi, hauna mvuto. Basi hung'olewa, ukawekwa mrefu wa kununua pembeni, umepakwa kromu mpaka unaweza kunyolea ndevu. Shemeji alikuwa amenunua mbili kwa muuzaji mmoja. Hazikuwa na jina la kiwanda wala namba, lakini kung'aa zilijua.

Huu wa pili ulikuwa na shingo, lile bomba la juu linaloingia kwenye fremu, ndefu kupita kiasi, ndiyo maana nikaukata juu. Nikamulika ndani kwa tochi. Chini kule, inchi moja tu kabla ya bega ambapo miguu inagawanyika, niliona mstari umezunguka bomba lote. Nikachokoa kwa ncha ya bisibisi, ikazama. Halikuwa bomba moja, yalikuwa mabomba mawili, yamekutanishwa kichwa kwa kichwa bila kipande cha kuyashika kwa ndani. Yalichomelewa kwa nje tu, juu juu, yakapigwa tupa mpaka yakawa laini, kisha kromu ikafunika aibu.

Nikamwita shemeji. Alikuja akichechemea, maana goti lake la kulia lilishakufa zamani. Akatazama, akachokoa na yeye. Nilijua hakuwa akiufikiria uma ule. Alikuwa akiufikiria mwenzake, ambao siku tisa nyuma alimfungia binti yake.

Binti huyo, mpwa wangu, ni mkunga kwenye zahanati iliyo juu ya kilima. Ni mmoja tu waliyejaliwa. Baba yake alimtengenezea baiskeli ile kwa mkono wake mwenyewe, hakutaka hata nimsaidie kukaza nati. Na tuliipima. Pale karakana hakuna baiskeli inayotoka bila kupimwa, na kipimo chetu ni kimoja: mifuko miwili ya saruji juu ya usukani na kiti, inalala mpaka asubuhi. Uma usipopinda, baiskeli inatoka. Uma wa mkunga haukupinda hata unywele. Mimi ndiye niliyeipandisha mifuko ile mgongoni, na mimi ndiye niliyesema asubuhi yake kwamba uma huu utatuzika sote.

Lakini saruji imekaa tu. Inasukuma chini, bomba moja linaegemea jingine, na hata bomba lililopasuka husimama likiegemewa. Kinachovunja shingo ya uma ni breki ya mbele. Gurudumu linakamatwa, mwili wa mtu bado unataka kwenda, na nguvu yote inakuja kupinda pale pale penye mstari. Hatukuwahi kupima hivyo kwa sababu baiskeli za madaha hazina breki ya mbele, zina ile ya kurudisha pedali nyuma tu. Mkunga hakuiamini. Alimwomba baba yake amwekee ya mkono kwenye gurudumu la mbele, na baba hakuwa na ubavu wa kumkatalia.

Saa ya ukutani ilionyesha saa kumi na dakika tatu. Zamu yake huisha saa kumi. Kutoka zahanati barabara inateremka moja kwa moja mpaka njia panda, karibu na karakana yetu, yanapopita malori ya kokoto, na hakuna anayeteremka pale bila breki. Shemeji alimpigia binti yake simu, ikaita mpaka ikachoka. Akapiga zahanati. Mlinzi akasema ametoka sasa hivi, hata geti halijatulia.

Shemeji alinitazama, akalitazama goti lake.

"Nenda," akasema. "Mimi nitakwenda njia panda."

Sikuuliza atafanya nini huko. Nilivuta baiskeli iliyokuwa karibu, ya mteja, ambayo tulikuwa hatujaikaza kiti. Kilikuwa kinageuka kushoto na kulia kama jirani anayechungulia. Nikapanda kilima kwa umri wangu huu, kifua kikipiga filimbi, watu wakinipisha na kunicheka. Mmoja aliuliza kama nakimbiza mke au nakimbia deni. Nikazidi kukanyaga.

Lazima alikuwa amesimama njiani kusalimiana na mtu, maana nilimwona nikiwa nusu ya kilima. Alikuwa anakuja amejiachia, sare nyeupe inapepea, mkono mmoja tu kwenye usukani. Kuna tuta pale katikati, nyuma yangu kama hatua mia mbili. Kila siku hufunga breki kabla ya tuta lile. Mimi nilimfundisha.

Nilitaka kupiga kelele asimame. Sauti ilikuwa imefika kooni, nikaimeza, kwa sababu mtu akiambiwa simama hushika breki. Ningemuua kwa mdomo wangu. Basi nikageuza baiskeli, nikaanza kuteremka polepole mpaka akanifikia, tukawa sambamba.

"Mjomba, nani anakukimbiza?" akasema huku anacheka.

Nikamwambia asikamate breki ya mkono. Akacheka zaidi. Hapo ndipo nilipovuna nilichopanda, maana katika familia ile mimi ndiye mzee wa mzaha. Nilishamwambia tairi lake limechutama, nilishamwambia cheni yake ina mimba na yeye ni mkunga aishughulikie. Akaniuliza leo breki imefanya nini, imeposwa? Vidole vyake vikaenda kwenye breki, vikalala juu yake, vikingoja tuta.

Nikamwita kwa neno nisilolitumia.

"Mwanangu. Toa mkono hapo."

Akanitazama. Sijui aliona nini usoni mwangu, lakini kicheko kilimwisha kama maji yaliyomwagwa. Vidole vikafunguka.

Nikamwambia arudishe pedali nyuma, kidogo kidogo, na akae nyuma kabisa ya kiti ili uzito usiende mbele. Alifanya. Gurudumu la nyuma likaanza kulia. Tuta lilikuwa hatua mia. Nilisikia harufu ya grisi inayoungua kwenye ekseli, na chini yake nikasikia sauti nyingine, kavu, kwenye shingo ya uma. Ki. Kisha kimya. Ki. Naye aliisikia, kwa sababu aliniuliza bila kugeuza kichwa ile ni nini. Nikamwambia asiisikilize, anisikilize mimi.

Hatua hamsini. Ishirini. Kiti changu kikageuka nusura nimgonge, na nikajilaani kwa lugha tatu. Alikuwa akikanyaga nyuma kwa nguvu zote, midomo ameibana, anahesabu pumzi kama anavyowahesabisha akina mama wanaojifungua kule wodini. Baiskeli ilisimama gurudumu la mbele likiwa limegusa mguu wa tuta.

Akashuka. Yule ni mtoto wa baba yake, hakubali jambo la kuambiwa.

"Nionyeshe," akasema.

Nikamwambia ashike breki ya mbele akiwa amesimama kando, asukume. Akasukuma mara moja, haikuwa kitu. Akaniangalia kama anataka kunidai. Akasukuma tena kwa kifua. Uma ulikatika kwa sauti ndogo, wala si kubwa, kama mtu amevunja kijiti cha kuwashia moto, na pua ya baiskeli ikaanguka juu ya lami. Ndani ya shingo, pembeni pote palikuwa na kutu nyekundu. Palipokuwa pameshika bado ni kipande cha upana wa ukucha.

Alikaa juu ya tuta. Hakulia. Akauliza kama baba yake anajua.

Tuliteremka kwa miguu, mimi nimebeba gurudumu na uma begani huku mkono mmoja unasukuma baiskeli ya mteja, yeye anakokota kilichobaki. Kabla hatujafika tulisikia honi. Njia panda yote ilikuwa imefungwa. Malori ya kokoto yalikuwa yamepangana kulia na kushoto, madereva wameshuka, wanatukana. Katikati ya barabara alisimama shemeji na aproni yake ya kazi, mikono miwili juu, goti bovu limekunjwa, akiwazuia wote. Niliambiwa baadaye kwamba alikuwa hajawaeleza chochote. Alisema tu hakuna atakayepita mpaka mwanawe ashuke.

Alimwona anakuja kwa miguu na hakushusha mikono. Mkunga akaenda akamshusha mikono mwenyewe, mmoja, kisha mwingine, kama anavyomvisha mgonjwa shati.

"Niliupima," shemeji akasema. "Mifuko miwili, usiku kucha."

"Mimi sishuki kilima nikiwa saruji, Baba."

Akaitikia kwa kichwa. Tukamvuta kando. Malori yakaanza kupita, moja baada ya jingine, vumbi likatufunika. Dereva wa mwisho alitoa kichwa dirishani akamwita shemeji mwendawazimu, mzee asiye na akili, akaongeza na tusi la mama yake.

Shemeji, ambaye namjua kwa kutovumilia hata mteja akikohoa vibaya, alimpungia mkono.

"Asante, ndugu yangu," akamwambia. "Asante sana."